Makoti ya Wateja

Dobi hapekui. Hilo alilisema kila siku kwa miaka ishirini na mbili, akawafundisha wasichana watatu aliowahi kuwaajiri, na mmoja wao aliyelivunja akamfukuza kazi. Mfuko wa nguo unageuzwa nje kabla ya kuloweka, ndiyo, maana kalamu moja iliyosahaulika inaweza kuharibu mashati ishirini. Lakini kinachotoka humo hakisomwi. Kinatiwa kwenye bahasha, bahasha inabanwa kwa pini kwenye nguo, na mwenye chake anakichukua. Barua za mapenzi, majibu ya vipimo, risiti za mahali ambapo mume wa mtu hakutakiwa kuwepo, vyote vilipita mikononi mwa mwanamke huyu asiseme neno. Mtaa ukamwamini mpaka jina lake ukalisahau, ukamwita Dobi tu.

Sasa huyohuyo Dobi, Jumatatu moja saa nne asubuhi, alikuwa amepiga magoti chumbani kwa binti yake, mkono umezama kwenye begi mpaka kiwiko, anasoma kila kikaratasi anachokitoa. Mungu amsamehe.

Binti mwenyewe walimwita Nukta, kwa udogo aliozaliwa nao, na jina halikumtoka hata alipompita mama yake kwa urefu. Siku nne kabla, barua ilikuwa imekuja: Nukta amepata nafasi chuo kikuu, mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, miaka minne. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu yenye visanduku viwili, kimoja cha kukubali na kimoja cha kukataa, na fomu hiyo ilitakiwa ifike kwenye ofisi ndogo ya chuo iliyokuwa palepale mjini kwao, kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki ya pili. Nukta aliruka, akapiga vigelegele, akamkumbatia mjomba wake mpaka pasi ikaanguka. Dobi naye alicheka, akampongeza mwanawe. Kisha akatoka uani kuanika mashuka, akashika kamba, akabaki ameishika tu.

Alichokiogopa kilikuwa kinapiga pasi chumba cha mbele. Mdogo wake wa kiume, mtaa ulimwita Profesa, na mwanzoni jina hilo lilikuwa dhihaka. Yeye pia aliondoka nyumbani na barua kama ile, ana miaka ishirini, kichwa kinachomshinda kila mtu kwa hesabu. Muhula wa pili wenzake wawili wakamrudisha, miguu peku, anasema wahadhiri wanamsikiliza kupitia madaftari. Na kabla yake alikuwa baba yao, ambaye miaka yake ya mwisho aliimaliza akigombana na ukuta. Profesa aliumwa akapona, akaumwa akapona, miaka kumi na mmoja. Sasa ulikuwa mwaka wa sita ametulia: kidonge kila jioni, kliniki kila mwezi, na hapakuwa na mtu wa kumfikia kwa kunyoosha kola. Dobi alishukuru. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kumtoa mtoto mwingine aende akajaribiwe ni jambo jingine.

Na kuna kilichomtafuna zaidi. Likizo ya baada ya muhula wa kwanza, kabla Profesa hajarudishwa miguu peku, walikuwa nyumba moja. Alimwona anacheka peke yake, analala mchana, anafunga madirisha. Akasema, "Mwache, ni maringo ya chuo." Hakuona. Safari hii, aliapa, ataona.

Haya, akaanza kutazama, na atafutaye hupata. Nukta anaoga mara mbili kwa siku: kwa nini? Nukta amecheka mwenyewe jikoni: anacheka nini, simu haiko mkononi? Nukta hakumaliza mkate wake. Nukta anakaa na Profesa, wananong'ona, na Dobi akiingia na kapu la nguo wanakata maneno kama wamemwagiwa maji.

"Mnasema nini nyie?"

"Habari za chuo tu, mama."

Za chuo! Tangu lini habari za chuo zinasemwa kwa kunong'ona? Ndipo Dobi akaenda kwenye begi. Hakupata kitu Jumatatu ile ila tiketi ya basi la kwenda upande wa pili wa mji, mahali ambapo Nukta hakuwa na shule, rafiki wala shangazi. Akairudisha tiketi, akakunja kila kitu alivyokikuta, au alivyodhani amekikuta.

Jioni Nukta alisimama mlangoni. "Mama, uliingia chumbani kwangu?"

"Mimi? Nifuate nini?"

"Basi tu. Naona vitu vyangu kama vimeguswa."

"Nani akuguse vitu? Hapa tuna kazi mpaka shingoni, mwanangu."

Nukta alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka. Na Dobi, badala ya kuona haya, unajua aliwaza nini? Aliwaza: ameanza. Anadhani vitu vyake vinaguswa. Akaliongeza hilo kwenye orodha aliyokuwa nayo kichwani, yeye aliyevigusa kwa mikono yake mwenyewe!

Jumatano Nukta aliaga kwamba anakwenda maktaba. Dobi alimpa hatua hamsini. Lakini atatokaje na vitenge vyake ambavyo mtoto anavijua tangu anabebwa mgongoni? Akainua macho kwenye chuma walichotundika nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Hapo palikuwa na koti la kahawia la mwalimu mkuu, refu, lina kofia yake nyuma. Dobi kuvaa nguo ya mteja ni sawa na mpishi kula kwenye sahani ya mgeni. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wamesema, na hii hata kuazimwa haikuazimwa. Alilivaa, akafunika kichwa, akatoka kwa mlango wa uani.

Nukta hakwenda maktaba. Alipanda basi, Dobi akapanda la nyuma yake. Aliposhuka alivuka barabara, akapita duka la matairi, akaingia kwenye jengo la madirisha ya kijani ambalo Dobi alilijua kuliko alivyolijua kanisa lolote au msikiti wowote, kwa sababu kwa miaka kumi na saba alikuwa anampeleka mdogo wake humo. Kliniki ya wagonjwa wa akili. Akajibanza kwenye kibanda cha vocha ng'ambo ya barabara, akasimama dakika arobaini.

"Mama," muuza vocha akamwambia mwishowe, "unanunua au umeajiriwa kunilindia kibanda?"

Nukta alipotoka alisimama mlangoni, akatazama ng'ambo, moja kwa moja kwenye koti la kahawia. Dobi akageuza uso ukutani.

Usiku ule, wakila, mtoto aliuliza taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. "Mama, leo ulifika mjini?"

"Mjini? Na hizi nguo nimwachie nani?"

"Kuna mama mmoja nilimwona. Nikadhani... Basi, si kitu."

"Hakuna mtu, Nukta. Kula."

Alhamisi alivaa koti jeusi la mke wa fundi viatu. Ijumaa alivaa gauni la zambarau la karani wa benki, na mtandio wake. Wiki ya pili akavaa koti la mvua la mtu ambaye hata hakumjua vizuri, na jua lilikuwa linawaka. Kila siku nguo nyingine, na kila jioni alizifua upya, akazinyoosha, akazirudisha kwenye chuma. Wateja walizisifia zinavyonukia. Na kila siku alivyomfuata, ndivyo Nukta alivyozidi kubadilika. Akaanza kufunga chumba kwa ufunguo. Akawa anatembea akigeuka nyuma, anashuka basi vituo viwili kabla, anaingia dukani na kutokea mlango mwingine. Akakonda. Dobi aliona yote hayo, akayahesabu dalili moja baada ya nyingine, moyo unamwuma kwelikweli. Lakini hata mara moja, jamani, hakujiuliza mtoto anamkimbia nani.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Saa saba mchana Nukta aliingia chumba cha mbele, akafunga mlango wa dukani na kugeuza kibao kisemacho wamefunga. Profesa akachomoa pasi zote mbili, akazisimamisha. Hakuna aliyewahi kumwona Profesa anachomoa pasi mchana wa Ijumaa, siku ambayo nusu ya mtaa inataka nguo za harusi.

"Mama, kaa," Nukta alisema.

"Kuna nini?"

"Siendi chuo."

Kilichomjia Dobi kwanza, na aibu iliyoje kukisema, kilikuwa raha. Raha tupu, ya mwili mzima. Atabaki. Atalala chumba kile pale, atakula mbele yangu. Hofu ikaja baadaye.

Nukta akaweka mezani daftari la shule na ile fomu. Kwenye fomu alikuwa ameshatia alama kisanduku cha kukataa, na sahihi yake ilikuwa chini.

"Nilipomaliza mitihani nilimwomba mjomba anisimulie kila kitu," alisema. "Ilianzaje kwake, alihisi nini kwanza, alificha nini. Nilitaka nikienda, niende najijua. Tukaandika dalili zote humu. Halafu nikaenda mwenyewe kliniki kumwona muuguzi wake. Akaniambia kuwa na mgonjwa kwenye ukoo si hukumu. Hatari yangu ni kubwa kidogo kuliko ya wengine, basi nilale vizuri, nisiguse bangi, nijue dalili, na nikiona kitu niseme mapema. Alinipa mpaka jina la mtu wa kumwona kulekule chuoni. Nilifurahi sana siku ile, mama. Nilitoka pale nikijua naenda."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kwa sababu ungeogopa," alisema Profesa.

"Wiki hiyohiyo ndiyo ikanianza," Nukta aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Soma."

Dobi akalivuta daftari. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtoto anayepata maksi.

*Jumatatu. Vitu vya begi vimeguswa. Tiketi iko mfuko mwingine. Nimemuuliza mama, hajaingia.*

*Jumatano. Mwanamke wa koti la kahawia, ng'ambo ya kliniki. Anaficha uso. Mama anasema hakuna mtu.*

*Alhamisi. Mwanamke yuleyule, mwendo uleule. Koti jeusi.*

*Ijumaa. Yuleyule. Zambarau.*

*Jumanne. Yuleyule. Koti la mvua na hakuna mvua. Hakuna mtu mwenye nguo zote hizi. Nadhani hayupo.*

Maandishi yaliendelea kurasa tatu. Herufi zilianza kuyumba kwenye ukurasa wa pili.

"Kwangu ilianza hivyohivyo, dada," Profesa alisema, macho kwenye meza. "Mtu mmoja, kila siku kabadilisha nguo. Nilikuwa naweza kukutajia vifungo vyake. Na kwangu hakuwepo."

"Jumatatu naenda kuonana na daktari," Nukta alisema. "Labda nianze dawa. Usilie, mama. Afadhali nimejua mapema kuliko kuanguka kule peke yangu. Na nilikuwa na wewe. Kila nilipokuwa sina uhakika nilikuja kukuuliza wewe, kwa sababu wewe husemi uongo."

Sasa hapo ndipo pa kumtazama mtu. Angenyamaza tu. Hakuhitaji kusema uongo mwingine, ule wa zamani ulitosha. Akinyamaza, mtoto anabaki nyumbani, ndilo alilokuwa analiombea tangu barua ilipokuja. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Saa mbili na nusu tu za kukaa kimya. Na Jumatatu mwanawe angemeza kidonge cha kumfukuza mwanamke ambaye alikuwa amekaa mbele yake, anamshika mkono.

Dobi aliinuka. Alikwenda kwenye chuma, akalitoa koti la kahawia kwenye kining'inizo, akalivaa, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akageuka ubavu, akaelekeza uso ukutani, kama alivyosimama pale kwenye kibanda cha vocha.

Nukta akapiga ukelele. Kiti kikaanguka.

"Ni mimi," Dobi alisema, bado ameutazama ukuta. "Wote ni mimi. La kahawia la mwalimu mkuu. Jeusi la mke wa fundi viatu. Na begi niliingiza mkono mimi, mwanangu. Ni mimi."

Kisha Profesa, ambaye hakuwa mtu wa utani, akasema kwa sauti ndogo, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuna aliyecheka.

"Nilikuuliza," Nukta alisema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu!"

"Uliniuliza."

"Ukanitazama machoni ukaniambia nile! Mama, nimekaa siku kumi najua naumwa! Nimekaa bafuni najisemesha ili nisikie kama sauti yangu bado ni yangu! Nimemwambia mjomba akinipata nimepotea anifungie ndani, nimemwapisha! Na wewe upo nyuma yangu umevaa koti la mwalimu mkuu?"

"Nilitaka nikuone mapema. Yeye sikumwona. Nilisema ni maringo."

"Basi umeniona?"

Dobi alivua koti kwa nguvu mpaka kifungo kimoja kikakatika.

Nukta akainua kiti, akakaa, akavuta daftari na kalamu. Alikuwa analia lakini mkono wake ulikuwa imara. "Kaa hapo. Moja moja. Jumatano, ulisimama wapi?"

"Kibanda cha vocha. Muuza vocha alinisema."

Akakata mstari. "Alhamisi?"

"Nyuma ya duka la matairi. Ulinunua maji, ukaacha kifuniko kikaanguka."

Akakata. "Jumanne iliyopita, sokoni?"

"Nilijificha kwenye ndoo za plastiki. Nikaangusha moja."

Wakaenda hivyo, kurasa tatu. Aibu ilikuwa inampanda Dobi mpaka masikioni, lakini kila mstari ulipokatwa aliona mabega ya mtoto yanashuka kidogo. Begi, yeye. Dirisha lililoachwa wazi, yeye. Nyayo nyuma ya mlango, yeye. Mpaka ukabaki mmoja.

"Jumapili," Nukta alisoma. "Saa mbili asubuhi. Nilikuwa naoga. Mtu kaniita, 'Nukta', karibu kabisa na sikio. Nilifungua mlango, hapakuwa na mtu." Akainua macho. "Ni wewe?"

Jumapili saa mbili Dobi alikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, anapeleka mashuka ya nyumba ya wageni.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Mistari yote ingekatwa, fomu ingegeuzwa, mtoto angeenda na moyo mweupe. Ungekuwa uongo wa kumsaidia. Hata ule wa kwanza aliuita hivyo. Alimtazama Profesa, na Profesa hakumsaidia.

"Hapana," Dobi alisema. "Huyo si mimi. Sikuwepo nyumbani."

Kalamu ilibaki hewani. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya wanga.

"Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa hivyo," aliongeza polepole. "Naanika nguo, namsikia marehemu mama ananiita. Mara mbili tatu. Lakini sijui yako ni nini. Naogopa, na sijui."

"Mara moja ni mara moja," Profesa alisema. "Usiikate, na usiikuze. Jumatatu daktari ataisoma kama ilivyo."

Nukta hakuukata mstari ule. Aliuzungushia duara. Kisha akaivuta fomu, akapiga mstari kwenye alama ya kukataa, akaweka sahihi pembeni yake, akatia alama kwenye kisanduku kingine.

"Ungesema ni wewe," alimwambia mama yake, "nisingeamini hata moja ya zile nyingine."

"Hata mimi nisingejiamini."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika, mwanangu. Ni haki yako."

"Nikiwa kule, ukitaka kujua kitu unaniuliza. Utaniuliza mimi, si mwenzangu wa chumbani wala mlinzi wa getini. Na mimi nikikuuliza, unanijibu."

"Nitakujibu."

Saa nane na dakika kumi. Ofisi ya chuo ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nukta alinawa uso kwenye ndoo ya kunyunyizia nguo, akatia fomu kwenye bahasha, akafungua mlango wa dukani. Wateja wawili walikuwa wamesimama nje, wamekunja uso. Akawaamkia, akapita katikati yao. Hatua tatu mbele akageuka.

"Mama. Usinifuate."

"Sikufuati."

Akaenda. Dobi alichomeka pasi, akachukua shati la kwanza, akaliweka mezani, akaliinua, akaliweka tena. Miguu ilikuwa inamwasha. Mteja mmoja alikuwa anasema habari ya nguo za harusi na hakumsikia hata neno.

"Amefika kona?" alimwuliza mdogo wake, aliyekuwa karibu na dirisha.

Profesa aliteremsha pasi kwenye kola, akaikandamiza.

"Sijatazama, dada," alisema. "Na wewe usitazame."